Seva na swichi hazipatani kuhusu dupleksi

Swali: Ndugu wataalamu, seva yetu ya Linux hujibu ping (jaribio la kuona kama mashine inafikika) vizuri, lakini kunakili faili kubwa kunakwama. Kadi yake imefungwa kwenye megabiti 100 kwa sekunde, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja). Swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao, imeachwa ijichagulie. Tatizo ni nini?

Jibu: Ni hiyo tofauti ya mipangilio. Swichi isipopata majadiliano (vifaa kukubaliana vyenyewe kasi na dupleksi) kutoka upande wa pili hutambua kasi tu na kuangukia nusu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), hivyo seva hutuma wakati wowote, swichi ikahesabu migongano iliyochelewa (data kugongana baada ya kutuma kuanza kitambo), na seva ikapokea fremu (vipande vya data) zilizokatika zenye makosa ya CRC, yaani hesabu ya kukagua kama data imeharibika.

Jibu: Naafiki. Endesha “ethtool -s eth0 autoneg on”, amri ya kuirudisha kadi (hapa eth0) kwenye majadiliano, kisha tazama kama vihesabio vya makosa vimesimama. Napinga kabisa kufunga kasi kwa mkono. Hata gigabiti 1 kwenye waya wa shaba huhitaji majadiliano hayo.

Muulizaji: Ahsanteni sana, vihesabio vimetulia.