Naomba ushauri, binti yangu wa miaka 15 haniongeleshi

Habari zenu wapendwa, mi ni mama nipo hapa Dodoma, Nkuhungu, nauza zabibu na karanga pale Sabasaba. Binti yangu yuko kidato cha pili, mwezi wa 11 ana mtihani wa taifa, sasa wiki ya tano hii hatuongei. Kisa simu. Nilimkuta saa sita usiku anachati nikaipiga chini kioo kikapasuka, hasira tu jamani, maana mi mimba yake niliipata nina miaka 17 na shule ikaishia hapo, na hilo halijui, anajua niliacha kwa kukosa ada. Toka siku hiyo ni "shikamoo mama" asubuhi basi, nikisonga ugali na mlenda anasema kashiba, ila akiongea na bibi yake wa Mpwapwa anacheka mpaka nasikia jikoni (na simu anayotumia ni yangu!). Juzi natandika kitanda chake nakuta ile kanga yangu kuukuu niliyokuwa nambebea mgongoni, kaikunja vizuri kaiweka chini ya mto. Nililia.

Sasa nimwambie ukweli wangu au nitamvuruga kabla ya mtihani? Na simu yake nitengeneze? Mliopitia haya nisaidieni, matusi hapana.