Mbunge anayetamani uwaziri ataisimamiaje serikali?

Wakuu, tulijadili hili bila kurushiana vyama. Mimi nasema waziri asiwe mbunge. Akiteuliwa, aachie kiti.

Shida yangu kubwa si mawaziri wenyewe. Ni wale walioketi nyuma yao wakisubiri zamu. Mbunge anayejua kwamba baraza likipanguliwa huenda jina lake likaitwa, atamkaba nani? Angalieni Bunge la Tanzania wakati wa bajeti. Mbunge anasimama, anatangaza kwamba anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anazuia fungu la bajeti lisipite, mpaka apate maelezo ya kueleweka. Waziri anajibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, na fedha zikipatikana kazi itaanza. Mara shilingi inarudishwa, fungu linapita kwa "ndiyooo" ya ukumbi mzima, na swali limebaki palepale. Inauma kuitazama, maana nyuma ya swali lile kuna watu waliomtuma aulize.

Ufaransa, kwa Katiba ya 1958, mbunge akiwa waziri anamwachia kiti mbadala wake. Marekani hairuhusu kabisa mtu mmoja kushika vyote viwili. Kenya nayo ilitenganisha mwaka 2010.

Najua wanaopinga wataikamata Kenya hiyohiyo: mawaziri walipotoka, wabunge walikosa wa kumuuliza ukumbini, hadi kanuni zikabadilishwa ili waje kujibu. Hoja nzito hiyo, ila naona inanisaidia mimi. Kumbe waziri anaweza kuitwa ajibu bila kupewa haki ya kupiga kura bungeni!

Wengine watataja Uingereza, ambako mawaziri ni wabunge na bado mwaka 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Ni kweli, lakini serikali ile haikuwa na wingi wa viti. Yenye wingi mkubwa haiangushwi hivyo. Na hao Waingereza wenyewe wana sheria kwamba mawaziri wanaokaa na kupiga kura katika bunge lao la kuchaguliwa wasizidi 95. Mnadhani ukomo huo waliuweka kwa nini, kama hakuna hatari ya serikali kulimeza bunge?

Basi mnaopinga, nijibuni hili moja: mbunge wa chama tawala akigoma kurudisha ile shilingi, kesho yake anabaki na nini?