Eti "Dada, nipishe"! Huyu mtu aliajiriwa kwa kigezo gani?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka ghalani sasa hivi, hata vumbi la korosho sijanawa. Wa Mtwara mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani, aliyeshushwa na gari la bosi mwanzoni mwa msimu, kesho yake kawa msimamizi wa ubora. Usaili hajafanya. Korosho alikuwa anaijua ya kwenye pakiti dirishani mwa basi, basi!

Leo mzee mmoja kaleta magunia sita. Jamaa katia korosho kwenye kipimo, kasoma, kasema unyevu umezidi, arudi akaanike. Nikachota kiganja nikazitikisa: zinalia kavu kabisa. Natupa jicho kwenye kipimo, kimewekwa kwenye MAHINDI. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Kaka, badilisha zao hapo."

Akanigonga bega na kalamu. Kalamu, wakuu! Ile ya bluu, kofia kaitafuna mpaka imekuwa mswaki wa mti. "Dada, nipishe. Kazi yako kufagia."

Mbele ya wakulima! Mbele ya wabeba magunia! Misimu 9 niko meza ile, napasua korosho nahesabu zilizooza mpaka usiku naziota, leo nipishe? Mpaka kuku wa Mikindani wamesikia hiyo nipishe. Mzee wa watu kafunga magunia yake, na kangomba, wale walanguzi wa korosho kwa bei ya kutupa, wanamsubiri getini kama kunguru. Na kalamu begani kwangu, jamani. Kalamu!

Mtani wa Ndanda: Pole dada. Huyo si ndiye aliyeuliza korosho inachimbwa mwezi gani?

Binti Shangani: Mimi kalamu ningemvunjia hapohapo, halafu ndiyo nimpishe.

Mla Pweza: Misimu 9 bado unanong'ona? Ungepaza sauti, mzee asingeondoka na mzigo.

Mleta uzi: Bosi alikuwa kasimama palepale anaangalia! Nina watoto wanasoma. Wewe ungepaza? Na hajaomba radhi, kalamu kaichomeka sikioni kaenda kunywa chai.

Wa Nachingwea: Heri yenu anajua kubonyeza kipimo. Huku kwetu msimu wa ufuta karani wa mizani akitaka kujumlisha anampigia shemeji yake. Shemeji asipopokea, foleni inalala.

Mla Pweza: Shemeji ndiye aliyemwajiri?

Wa Nachingwea: Sasa nani mwingine?

Mtani wa Ndanda: Karani si kitu, shida malipo. 2018 serikali ilitutangazia shilingi 3,300 kwa kilo ya korosho, mzigo ukabebwa na magari ya jeshi, hela tukaisubiri mpaka viatu vya shule vikawabana watoto.

Binti Shangani: Usinikumbushe. Baba alikuwa anatembea na stakabadhi mfukoni kama picha ya mchumba.

Wa Nachingwea: Na salfa, dawa ya mikorosho, je? Mwaka jana imefika kwetu mikorosho imeshapukutisha maua yote. Tumpulizie nani, mbuzi?

Mleta uzi: Jamani, kalamu!

Mla Pweza: Tumesikia dada. Wa Nachingwea, hiyo salfa mlipewa mifuko mingapi kila mtu?

Wa Nachingwea: Miwili. Mmoja umeganda jiwe.

Mtani wa Ndanda: Wewe umepata miwili? Kijijini kwetu jina langu halikuwemo kabisa, la marehemu babu lilikuwemo.