Nina 700,000: ninunue duka la nafaka Kayole, M-Pesa Pipeline au dobi Roysambu?

Wangui_R
Hamjambo wote. Nimeajiriwa miaka tisa na mkataba wangu unaisha Desemba. Nina shilingi 700,000, nusu akiba na nusu mkopo wa Sacco, kwa hivyo sina nafasi ya kubahatisha. Sitaki kuanza na sufuri, nataka kununua biashara ambayo tayari inatembea. Nimezunguka mitaa ya Nairobi mwezi mzima na nimebaki na tatu.

Duka la nafaka Kayole: mama mwenyewe anarudi Nyeri kumtunza mzazi. Anataka 480,000 na anasema mali iliyomo ni ya 200,000. Kodi ya chumba 15,000 kwa mwezi, mauzo 18,000 kwa siku.

M-Pesa Pipeline, chini ya ghorofa: 350,000 pamoja na laini ya wakala, floti (hela za kuhudumia wateja) ni juu yangu.

Dobi ya mashine tatu Roysambu, karibu na hosteli za wanafunzi: 650,000.

Sijawahi kuendesha duka. Nisaidieni kulinganisha, na nitajuaje kama anayeniuzia anasema kweli?

BabaTumaini
Dobi iache. Maji ya mfereji huku kwetu huja kwa zamu. Muulize tangi lake ni la lita ngapi na kwa mwezi ananunua bowsa ngapi, utaona uso wake. Wanafunzi wakifunga shule mnabaki mashine na wewe. Halafu ukitoa 650,000 unabakiwa na 50,000, na mashine moja ikiharibika mota wiki ya pili utaenda kwa nani?

Kip_Embakasi
Dada, kwa M-Pesa nitakwambia yaliyonikuta. Mwaka 2019 nilinunua kibanda Tassia. Jamaa alinipa funguo, simu, laini na kitabu cha kumbukumbu, tukapeana mikono. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kampuni ya mtu mwingine kabisa, yeye mwenyewe alikuwa akiitumia kwa makubaliano ya mdomo. Baada ya miezi minne mwenye laini akaitaka. Nilibaki na meza, feni na kodi ya kulipa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kamisheni ni ngapi, uliza laini ni ya nani kwenye karatasi, na mwenye kampuni aje mkae mezani. Usikubali kuambiwa "tutabadilisha baadaye".

Jambo lingine ni floti. Pale Pipeline jioni watu ni wengi mno, ukiwa na floti ya 50,000 utakuwa unawafukuza wateja saa kumi na mbili. Hizo hela ziweke kwenye hesabu ya bei.

MamaNafaka_Githurai
Wangui mwanangu, nauza nafaka mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hivyo nitasema ya Kayole tu.

Daftari lake liweke kando. Mwombe ukae naye dukani wiki mbili, umsaidie kupima, bila malipo. Akikataa, nenda zako. Akikubali, uwe na kidaftari chako na uandike kila mteja: gorogoro (kopo la kupimia) ngapi, nusu ngapi, nani amelipa, nani ameandikwa deni. Na hizo wiki mbili zianze mwisho wa mwezi ziingie mwezi mwingine, kwa sababu Kayole ya tarehe 2 si Kayole ya tarehe 24.

Ukiwa hapo, chukua gorogoro yake uigeuze. Kuna watu huigonga kitako kikaingia ndani, kila kipimo cha maharagwe mteja anapoteza kiganja kizima. Ikiwa faida anayokuonyesha inatoka hapo, siku utakayoleta gorogoro nzima haipo tena, na ukiiendeleza utakuwa umenunua dhambi ya mtu.

Kisha ingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko. Juu njahi (maharagwe meusi) zinang'aa, chini mkono unatoka na unga mweupe. Hilo limeliwa na fukusi, usilihesabu. Mali yote ipimwe kwa mzani, gunia kwa gunia, kwa bei ya siku hiyo ya Nyamakima, kule tunakonunua nafaka kwa jumla. Bei anayouzia rejareja isiingie kwenye hesabu hiyo.

Na kabla hujatoa shilingi, akupeleke Nyamakima akujulishe kwa wanaompa mali. Najua wafanyabiashara wanaopewa magunia Jumatatu wakalipa Ijumaa. Imani hiyo ndiyo inayoendesha duka la nafaka, na ikibaki na mama Nyeri utaanza na pesa taslimu kama mgeni.

Juma_Kariobangi
Kwa heshima zote Mama, mimi siwezi kulipa gudwili (bei ya jina na wateja, juu ya mali) ya 280,000 kwa duka la nafaka. Akodishe chumba hatua hamsini kutoka hapo, ajaze mali ya 200,000, abaki na nusu milioni mfukoni.

MamaNafaka_Githurai
Juma, mimi nilianza hivyo. Miezi saba nilikuwa nauza gorogoro kumi kwa siku huku nikilipa kodi. Mtu wa mtaa hahami duka analokopeshwa. Mwenye mkopo wa Sacco ataishi na nini hiyo miezi saba?

Juma_Kariobangi
Hapo sawa. Lakini bei bado ni ya juu. Na Wangui, hakikisha chumba hakiko kwenye hifadhi ya barabara wala karibu na mto. Baada ya mafuriko ya 2024 tuliona nyumba za kando ya mto zikibomolewa, na wapangaji hawakupewa muda wa kuhamisha mali.

Hesabu_Kamili
Tuweke namba. Tuseme 18,000 ni kweli: kwa siku 30 ni 540,000. Nafaka faida yake ni nyembamba, nitachukua 15%, yaani 81,000. Toa kodi ya chumba 15,000, mfanyakazi 15,000, usafiri na umeme 8,000. Halafu kuna ushuru wa mauzo wa KRA (mamlaka ya mapato), TOT, ambao wengi husahau. Unamhusu mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka 1% hadi 3%. Unakatwa kwenye mauzo yote, hata mwezi ambao hukupata faida. Hapa ni 16,200. Unabaki na 26,800, na gudwili itarudi baada ya miezi kumi na zaidi, kabla hujalipa Sacco. Mauzo yakiwa pungufu ya aliyosema, hesabu inavunjika haraka sana.

Mtetezi_K
Upande wa sheria, mambo mawili. Kuna Sheria ya Uhamisho wa Biashara, Sura ya 500. Biashara ikihama bila tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, madeni ya aliyeuza yanaweza kumfuata aliyenunua, hata kama mliandikiana vingine. Maduka madogo wengi hawatangazi, lakini wewe umekopa, kwa hivyo ongea na wakili.

La pili ni mwenye nyumba. Sura ya 301 inamlinda mpangaji wa duka ambaye hana mkataba wa maandishi au ana mkataba usiozidi miaka 5. Hawezi kuongezewa kodi wala kuondolewa bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na akipinga kuna baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Ila ulinzi huo ni wa mpangaji, na leo mpangaji ni yule mama. Bila mwenye nyumba kukukubali kwa maandishi, umenunua magunia tu. Kibali cha Kaunti pia utachukua kwa jina lako.

Na kwenye makubaliano iandikwe kwamba hatafungua duka kama hilo Kayole. Usilipe zote siku moja.

Wangui_R
Nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana. M-Pesa niliacha baada ya kumuuliza laini ni ya nani, jibu lilizunguka. Kayole nimekaa siku 14 na kidaftari changu.

Wastani ni 11,400 kwa siku. Tarehe 1 tuliuza 19,200, kwa hivyo nadhani mama hakunidanganya, alikuwa anakumbuka siku nzuri. Mali imepimwa 143,000 baada ya kutoa magunia mawili ya njahi. Madeni ya wateja ni 37,000, hayo nimemwachia ayadai mwenyewe. Mwenye nyumba anasema mpangaji mpya ni 18,000.

Kwa hesabu ya Hesabu_Kamili, nikisimama dukani mwenyewe bila mfanyakazi nabaki na 15,040 kwa mwezi. Nimempa mama ofa ya mali 143,000 na gudwili 70,000: 150,000 sasa, 63,000 baada ya miezi mitatu. Alinyamaza, akaendelea kupepeta ndengu, kisha akasema ataongea na kaka yake. Kesho yake alinipeleka Nyamakima bila mimi kukumbusha, akanitambulisha kwa watu watatu.

Jumamosi tunakaa na mwenye nyumba sote. Na gorogoro yake niliigeuza siku ya kwanza. Kitako kimenyooka.