Baba mkubwa kabandika picha yangu kwenye chupa ya "dawa ya ukoo", na ukoo mzima unacheka

Wakuu, leo nimevurugwa, mnivumilie kama kuna mahali nitateleza.

Kila ukoo una hadithi yake ya kujitapia. Kuna ambao babu yao aliua simba kwa mikono mitupu, kuna ambao eti walikuwa watawala. Babu zetu sisi walikuwa wauza dawa. Si waganga, maana mganga angalau ana kwake, ukitaka kumfuata unamfuata. Wetu walikuwa watembezaji: wanaingia kijijini asubuhi na sanduku la chupa, wananadi mchana kutwa, usiku huohuo wanahama kabla mteja wa kwanza hajafika nusu ya chupa. Baba akamrithisha mwana, mwana akamrithisha wake, mpaka mambo yakaangukia mikononi mwa baba mkubwa, ambaye anajiita mtunza siri.

Hadithi hii utaisikia harusini na utaisikia msibani. Baba mkubwa anakohoa mara moja tu, watoto wanasogea. Babu wa babu alimpaka dawa mzee mwenye upara akasahau kunawa, basi nywele zikamwota kiganjani, akawa anakinyoa kiganja mpaka uzeeni. Punda wa mteja alilamba kizibo, akatimua mbio, hajaonekana hadi leo (shangazi anashikilia kwamba punda yule aliibwa, na mwizi anamjua).

Kilele chake ni mdogo wake babu. Kazi ya huyu ilikuwa kutangulia kijijini akiwa kwenye magongo, analia njia nzima. Babu akifika, anamnywesha kijiko kimoja mbele ya umati, jamaa anatupa magongo na kurukaruka. Amepona vijiji vyote hivyo! Siku moja akateleza mtoni kweli, mguu ukavunjika kweli, akabebwa hadi kijiji alichowahi "kupona". Wenyeji wakamtambua. Wakamnyang'anya magongo kwa furaha, wakampa kijiko cha dawa, wakamwambia simama. Baba mkubwa akifika hapo anajishika mbavu, machozi yanamtoka, na ukumbi mzima unaanguka.

Na mimi nimecheka nao tangu utotoni. Hadithi haina ubaya, ingebaki hadithi.

Sasa sikilizeni. Mimi ni mfamasia. Nimesota darasani, nikafanya mitihani ya bodi, nikapata leseni. Siku ya mahafali baba mkubwa aliomba nipigwe picha peke yangu na koti jeupe, "ya kumbukumbu". Nikaona mzee ananionea fahari. Wiki iliyopita napigiwa simu na mama nisiyemjua, ananiita daktari, anauliza kama akimaliza chupa ya pili aendelee na ya tatu au apumzike. Chupa gani? "Hii yenye picha yako, mwanangu." Anaugua presha. Vidonge ameviacha, kwa sababu lebo inasema dawa hii "haitaki kuchanganywa na za hospitali".

Nilimsihi arudi kwenye vidonge siku hiyohiyo na aende kupimwa. Presha ndivyo ilivyo, inapanda bila kukuambia, unajiona mzima mpaka siku mshipa unapopasuka kichwani. Halafu nikaitafuta hiyo chupa. Picha ni ya mahafali, wamekata kofia, wamebakiza koti. Chini yake jina langu kamili na namba yangu ya simu. Magonjwa yamepangwa safu mbili, wino umekwisha kabla orodha haijakwisha. Nikafungua kizibo: pilipili, kafuri, na pombe ya kutosha kukutoa machozi. Chini kuna mashapo ya rangi ya kutu ambayo sikuthubutu kuyatikisa.

Nikampigia baba mkubwa. Hakukana hata kidogo! Akaniuliza kama najua baba yake Rockefeller alikuwa nani. Mzee kajiandaa, kasoma mtandaoni. Ni kweli, William Avery Rockefeller, baba wa yule tajiri wa mafuta wa Marekani, alikuwa muuza dawa wa kutembeza. Baba mkubwa anaishia hapo, "ona mtoto alipofika". Hasemi kwamba mtu huyo alijipachika udaktari na jina la bandia, Dk. William Levingston, akadai anaponya kansa, na kwamba alikuwa na mke wa pili aliyemwoa kwa jina hilohilo la bandia huku wa kwanza yupo. Utajiri wa mtoto ulitoka kwenye mafuta ya taa, haukutoka kwenye chupa ya baba.

Na kama tunatafutana kwenye historia, mimi ninaye wangu. Clark Stanley, aliyejiita Mfalme wa Nyoka, huyohuyo anayesimuliwa kwamba alichinja nyoka hadharani kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893 na kuuza mafuta yake kwa maumivu ya kila aina. Sheria ya chakula na dawa ya Marekani ilipitishwa mwaka 1906, na baadaye wakaguzi wakapima mali yake. Wakakuta mafuta ya madini, mafuta kidogo ya mnyama yasiyozidi asilimia 1 hivi, yaelekea ya ng'ombe, na pilipili, na labda kafuri na tapentaini. Nyoka hakuna. Faini yake mwaka 1916 ilikuwa dola 20. Pilipili na kafuri, wakuu. Hiyo "siri ya ukoo" ninayoambiwa nisiitoe nje iko kwenye ripoti ya serikali ya nchi nyingine, na ni ya zaidi ya miaka mia.

Shangazi naye akaingilia: "Mbona watu wanasema wanajisikia vizuri?" Shangazi, pombe! Kulikuwa na seneta wa jimbo la Louisiana, Dudley LeBlanc, aliyeuza dawa iitwayo Hadacol miaka ya 1940 na 1950. Ilikuwa na kilevi asilimia 12, eti cha kuihifadhi isiharibike. Walikuwepo walokole wasiogusa bia, lakini Hadacol wanakunywa bila wasiwasi. Alipoulizwa kwenye kipindi cha redio inasaidia nini, alijibu kwamba mwaka uliopita ilimsaidia yeye kuingiza dola milioni 5 na nusu. Angalau yule alisema ukweli.

Kinachoniuma zaidi ni kuambiwa sina utani. Kwenye kundi la familia binamu kanitumia vikatuni vya kucheka, mwingine kaniita "kizazi cha tano". Utani wa chupa huua: mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja ilitaka kutengeneza dawa ya maji ya sulfanilamide (dawa ya maambukizi ya bakteria), ikaiyeyusha kwenye diethylene glycol, kimiminika chenye sumu, ikatia ladha tamu, ikaiingiza sokoni bila kuipima usumu. Walikufa zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto. Ndipo sheria ya 1938 ikaja kudai usalama uthibitishwe kabla dawa haijauzwa. Na hao walikuwa na kiwanda na mkemia. Baba mkubwa ana ndoo.

Nimemwambia aondoe picha, jina na namba, na azikusanye chupa zote zilizouzwa. Amejibu kwa sauti ya dakika nzima, amenipoza, ameniita "mama" na "daktari wetu". Mwisho kasema toleo jipya litakuwa bora zaidi, litaandikwa "Imethibitishwa na Mfamasia".

Mamlaka ya dawa nitakwenda, hilo halina mjadala, hata kama nitatengwa kwenye harusi zote zijazo. Ninachoomba kwa wanaojua sheria ni kitu kimoja. Nimeigeuza hiyo lebo pande zote. Haina jina la mtengenezaji, haina anwani, haina tarehe. Wakiuliza dawa hii ni ya nani, jina pekee lililopo ni langu. Naanzaje kueleza?