Bolti za bushi za kontroli amu zimegoma, naomba msaada wakuu

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Nabadilisha bushi (zile mpira zenye chuma katikati) za kontroli amu za mbele, yaani mikono inayounganisha gurudumu na chini ya gari, mwenyewe, nyumbani. Gari liko juu ya stendi, tairi nimetoa, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma upande wa gurudumu) imeachia bila shida. Kilichonikwamisha ni bolti mbili zinazoshika amu kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma iliyokingama chini ya gari.

Ya mbele nati imetoka yote, ila bolti yenyewe haichomoki. Nikiipa spana inazunguka kidogo halafu inajirudisha ilipokuwa. Nyundo haiisogezi hata unywele. Ya nyuma ndiyo haizunguki kabisa, na kichwa chake kimeanza kulika pembe. Mafuta ya kulegeza kutu nimepulizia tangu jana. Nina soketi, mpini mrefu na grenda ndogo, na mtungi wa gesi naweza kuazima. Nianzie wapi kabla sijaharibu kitu?

Soketi Sita

Mkuu, hizo ni shida mbili tofauti, usizitibu kwa dawa moja.

Hiyo ya mbele haijakamatwa kwenye nyuzi. Katikati ya bushi kuna kibomba cha chuma, na bolti imepita ndani yake. Kutu imeviunganisha hivyo viwili. Ukizungusha bolti unazungusha na kibomba, kibomba kinavuta mpira, mpira unairudisha. Mafuta uliyopulizia kwenye nati huko hayajafika, kwa sababu kibomba kimebanwa pande zote na masikio ya krosimemba, yale mabati mawili yanayoishika amu katikati. Lenga ule mwanya mwembamba kati ya kibomba na sikio, huku na huku, uache yaingie taratibu. Kabla ya kugonga tena, rudishia nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, la sivyo ncha itatanuka na haitapita kwenye tundu.

Ya nyuma, achana na soketi ya pembe kumi na mbili. Tumia ya pembe sita, fupi, iliyokaa mpaka chini, maana ile nyingine inashika kwenye ncha za pembe tu na ndiyo inayokula kichwa. Kama kuna nyuzi zimetokeza upande wa pili, zisugue kwa brashi ya chuma mpaka zing'ae. Wengi wanaruka hatua hii, na kutu yote ya pale inaburutwa ndani ya nati wakati wa kufungua.

Mzee wa Gereji

Naongezea kwenye hiyo ya nyuma. Mwanangu, chungulia kwanza kama nati yake imechomelewa ndani ya krosimemba. Magari mengi yako hivyo. Ukiivuta kwa hasira na nati ikaachia pale ilipochomelewa, itazunguka pamoja na bolti na itabidi ukate dirisha kwenye chuma ili uishike. Hiyo ni kazi kubwa kuliko bushi zenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kuikaza, kidogo sana, mpaka usikie imekatika ule mshiko. Ndipo ufungue. Ikitoka robo mzunguko, irudishe, tia mafuta, itoe tena. Ikianza kulia na kuwa nzito, usiilazimishe mbele, irudishe ndani. Mafuta ya giaboksi otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni hupenya vizuri mahali penye kutu.

Chuma Moto

Shikamoo mzee. Mchanganyiko huo ni mzuri, ila asetoni inashika moto upesi mno, kwa hiyo akiutumia asilete gesi mpaka pawe pamefutwa na kukauka.

Mkuu, moto ndio utakaokusaidia kwenye ile ya nyuma. Pasha nati na chuma kinachoizunguka, siyo bolti, maana unataka nati itanuke na bolti ibaki ilivyo. Funika mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki), au visogeze pembeni. Bushi usiipashe: mpira unatoa moshi mbaya, na zipo bushi zenye majimaji ndani ambazo zinaweza kupasuka zikipata joto. Halafu nakusihi sana, usisafishe hapo kwa spirei ya kusafishia breki kisha ukawasha gesi. Zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya fosijini, na hiyo inaua. Kizima moto kiwe mkononi, siyo ndani ya nyumba.

Mleta uzi

Asanteni sana. Nati ya nyuma kweli imechomelewa. Je, ya mbele ikikataa kabisa, nikate kwa grenda?

Soketi Sita

Kata, ila siyo kwa grenda. Diski itakula masikio ya krosimemba, na hayo hayabadilishwi. Tafuta msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, wenye blade ya chuma, upitishe kati ya bushi na sikio, upande mmoja kisha wa pili. Amu itaanguka na kipande cha bolti ndani yake, na bushi unaitupa hata hivyo.

Nunua bolti mpya kabla hujakata. Soma namba ya daraja la uimara kwenye kichwa cha bolti. Ikiwa ni 10.9 usiweke 8.8 hata kama inaingia: ya kwanza ina uimara wa MPa 1000 wa kuvutwa, ya pili 800. Na kama bolti ina washa ambayo tundu lake haliko katikati, hiyo ni ya kurekebishia alaimenti (mkao wa magurudumu), hivyo chora alama ilivyokaa kabla ya kuigusa.

Mleta uzi

Ya nyuma imetoka kwa moto na kurudisha-rudisha, nyuzi nzima. Ya mbele nimeikata, masikio yako salama. Bushi mpya zimeshaingia kwa presi. Sasa nakaza.

Mzee wa Gereji

Subiri kwanza! Usikaze mwisho amu ikiwa inaning'inia. Kibomba cha bushi hubanwa palepale ulipokazia. Ukishusha gari, mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na utachanika mapema. Weka bolti zote, nati zishike tu. Kisha weka jeki chini ya amu karibu na boljointi, inyanyue mpaka kimo kiwe kile cha gari likiwa limesimama kwa magurudumu, stendi zikiwa bado mahali pake. Hapo ndipo utumie spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Grisi ya kuzuia kutu paka kwenye mwili wa bolti, sehemu inayolala ndani ya kibomba. Kwenye nyuzi usipake, maana zikiteleza utakaza kupita kipimo. Ukimaliza, peleka gari kwenye alaimenti.