Prado 90 inagonga mguu wa mbele kushoto: ni boljointi, au nauziwa gari upya kipande kipande?

Mwalimu wa Chemelil
Wadau, hamjambo. Nina Toyota Prado 90 ya mwaka 1998. Kila siku nashuka Kisumu na kurudi Chemelil, na ile barabara mnaijua: lori za miwa zimeichimba, na mvua ikinyesha huoni shimo mpaka umelala ndani yake. Wiki ya tatu sasa mguu wa mbele kushoto unalia ko-ko nikipanda tuta polepole au nikikata kona kuingia getini. Kwenye lami safi kimya, ila stelingi inatangatanga, na tairi la upande huo limelika kwa ndani.

Fundi wangu ameizunguka gari mara moja, akalipiga tairi teke, kisha akaniandikia: boljointi nne, tairodi, bushi zote, shoki mbili. Elfu 68, bila ufundi. Jeki hakugusa. Mshahara wa mwalimu si siri. Nianzie wapi?

Bob Kondele
Gari ya 1998 isipolia ndiyo ushtuke. Pigisha grisi uendelee na safari.

Spana Mamboleo
Bob, hapa usitanie. Boljointi, ile jointi ya kichwa cha mviringo inayoshikisha gurudumu kwenye mkono wake, nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa, hata pa kuingizia grisi hapana.

Dada, usinunue kitu kabla ya kupima. Tia jiwe nyuma ya magurudumu, kisha piga jeki chini ya mkono wa chini, kile chuma kinachotoka kwenye chesi kushika gurudumu, karibu na gurudumu lenyewe, maana ndio unaobeba springi. Ukiinulia chesi, mguu unaning'inia na ulegevu unaweza kujificha. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, hiyo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, angalia boljointi. Ukishika kushoto na kulia likicheza, hapo ndipo utaje tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu. Mwisho ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu, mwenzako amulike tochi kwenye jointi. Ikiruka juu na chini, imekwisha. Tazama pia mpira wake: ukichanika, tope la uwanda wa Kano linaingia, na kutoka hapo ni suala la muda tu.

Sasa kinachonifanya niandike kirefu. Kuna gari ambazo uzito unaikalia boljointi ya chini, unaisukuma ndani ya kikombe chake. Prado 90, na Surf ya miaka hiyo pia, uzito unaivuta itoke. Ikilika sana inachomoka, gurudumu linalala chini ya madigadi, na breki na ekseli vinaweza kuumia nalo. Niliwahi kwenda kuvuta moja pale Ahero. Mwenyewe alisema ililia mwezi mzima. Kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi, na kwa sasa panda matatu.

Baba Kiboswa
Mwalimu, utakutana na mtu atakayekuambia anaifungua na kuijaza nailoni ya moto, kwa bei ya soda. Kwenye mkokoteni sawa. Kwenye hiyo Prado, kataa.

Ya kushoto na ya kulia si moja, usiuziwe mbili za upande mmoja. Badilisha zote mbili za chini hata kama ya kulia bado inajikaza. Na zile bolti nne zinazoifunga kwa chini, nunua mpya. Za zamani zimeshavutwa miaka mingi.

Spana Mamboleo
Baba Kiboswa amenena. Niongeze: kuitoa ya zamani, fundi agonge ubavu wa chuma chenye tundu ambamo ncha yake imekaa, mpaka iachie. Asigonge ncha ya jointi mpya kwa nyundo hata kidogo. Nati yake ina pini. Tundu lisipolingana, nati inakazwa mbele kidogo, hailegezwi kurudi nyuma.

Mwalimu wa Chemelil
Nimerudi. Jumamosi nilimwita kijana mwingine, nikamsomea maneno yenu kutoka kwenye simu kama ninayesomesha imla. Breki imekanyagwa, tairi bado linacheza. Mtaimbo ulipoingia, hata mimi nisiyejua gari niliona jointi ikiruka. Mpira umechanika nusu. Kulia mchezo ni mdogo lakini upo. Tairodi nzima, shoki hazivuji. Bushi mbili tu zimepasuka, zitangoja.

Nimenunua mbili za chini na bolti zake, na ufundi, na kupangwa magurudumu: elfu 19 na mia tano. Kelele imeisha. Yule wa elfu 68 bado ananipigia.

Bob Kondele
Haya, nimekoma. Grisi nitapaka chapati.

Spana Mamboleo
Hongera, mwalimu. Pini za zile nati alitia mpya?

Mwalimu wa Chemelil
Ngoja nichungulie.

Mwalimu wa Chemelil
Kulia ni pini. Kushoto ametia msumari, ameukunja.

Baba Kiboswa
Usiiondoe gari hapo ilipo. Mpigie arudi na pini.